Kusuka siagi kwa kibuyu nyumbani: mwongozo kamili, toka maziwa hadi samli

Kwa bibi yangu mzaa mama, Karagwe, siku ya kusuka siagi ilijulikana usiku wa kuamkia. Aliingia chumba cha maziwa na kibatari mkononi, akafunua chungu, akauonja mgando kwa ncha ya kidole, kisha akasema "Kesho" au "Bado". Akisema bado, mjadala umekwisha, hata kama samli ya kuungia mboga imebaki kijiko kimoja.

Nimesuka kwa miaka mingi tangu hapo na nimefundisha wengi. Wanaoniletea malalamiko kwamba siagi imekataa kutoka, karibu wote wamekosea kabla ya kushika kibuyu. Maziwa hayakuchachuka vya kutosha, au yalikuwa na joto, au kibuyu kilijazwa hadi shingoni. Mkono mlegevu ni tatizo la nadra. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maandalizi, nawe nivumilie.

Njia ninayoieleza ni ya kwetu Kagera na ya jirani zetu wa Ankole, Uganda, na wa Rwanda, kote ambako ng'ombe wa pembe ndefu amefugwa kwa maziwa. Wanyarwanda wanakiita kibuyu cha kusukia *igisabo*, na kusuka ni *gucunda*. Kiswahili nacho kina neno machunda, yaani maziwa yanayobaki siagi ikishatoka. Maneno hayo ni ndugu wa damu, na nasikitika kwamba vijana wengi wa mjini hawalijui tena hilo la kwetu.

Maziwa: mangapi, na ya nani

Anza na lita 10. Chini ya hapo unaweza, lakini utachoka kwa siagi ya kupaka mikate miwili. Maziwa ya ng'ombe wa kienyeji mara nyingi yana mafuta asilimia 4.5 hadi 5 au zaidi; ya Friesian yanacheza kwenye 3.5. Siagi yenyewe ni mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Piga hesabu: lita 10 za asilimia 4.5 zina mafuta kama gramu 450, ambazo zingetoa siagi gramu 550 kama hakuna kinachopotea. Kwenye kibuyu kinapotea. Ukipata gramu 400 umesuka vizuri, na kwa maziwa ya Friesian gramu 300 zisikuvunje moyo.

Maziwa mengi ya pakiti hayafai. Kiwandani yamepitishwa kwenye mashine inayovunjavunja matone ya mafuta yawe madogo mno, ili utando usielee juu. Matone hayo hayaungani tena hata ukisuka hadi jioni. Tafuta maziwa ya mfugaji.

Sasa jambo zito. Wahima na wafugaji wengine wa ukanda wetu walishika mwiko wa kutochemsha maziwa. Ziwa la ng'ombe lingekauka, walisema, au ng'ombe mwenyewe angeugua. Bibi yangu aliushika hadi alipofariki, akagandisha maziwa mabichi yaliyochachuka yenyewe ndani ya chungu kilichozoea kazi hiyo. Naiheshimu imani yake, maana ilitokana na kumpenda ng'ombe kuliko mali nyingine yoyote. Lakini mimi nachemsha, na ninakusihi uchemshe. Mjomba wangu aliugua brusela miezi kadhaa: homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, magoti na kiuno kuuma hadi akashindwa kushika jembe. Vijidudu vyake hukaa kwenye maziwa mabichi, na uchachu wa mgando hauaminiki kuviua. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Chemsha mpaka maziwa yapande, epua. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 63 kwa dakika 30 zinatosha na ladha inabaki laini zaidi.

Maziwa yaliyochemshwa yamepoteza chachu yake ya asili, kwa hiyo lazima uyape mbegu. Yaache yapoe mpaka kidole kisihisi moto wala baridi. Tia mgando mzuri wa jana, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, koroga taratibu, funika kwa kitambaa, weka mahali pasipo na upepo. Yasiguswe. Kwenye nyumba ya joto la nyuzi 20 hadi 25, saa 24 hadi 36 zinatosha.

Utajuaje? Inamisha chungu kidogo. Mgando uliokomaa huachana na ukingo kwa pamoja, kama uji uliopoa, na kwenye ufa huo unatokea maji ya kijani hafifu. Harufu ni kali lakini safi. Ukionja, uchachu unakaza mashavu. Ukiona bado unateleza kama maziwa mazito, ni "Bado".

Mwenye ng'ombe mmoja anaweza kukusanya kwa siku mbili tatu, akiongeza kila siku maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Nyongeza ya mwisho iwe angalau saa 12 kabla ya kusuka, ili nayo ichachuke sawa na wenzake.

Kibuyu na moshi wake

Kibuyu kinatokana na tunda la mmung'unye lililoachwa likomae kabisa, mpaka kikonyo kimekauka na ukiligonga kwa ukucha linajibu kama ubao. Kwa lita 10 za maziwa unahitaji kibuyu cha ujazo wa lita 20, au usuke mara mbili kwa kidogo. Mdomo uukate upana wa vidole vitatu, maana siagi lazima itoke. Jaza maji, acha siku mbili tatu nyama ya ndani ioze, mwaga, tia changarawe na maji ya moto, tikisa kwa nguvu, mwaga, rudia. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi na uteme. Yakiwa machungu, endelea kuloweka, kwa sababu uchungu wa mung'unye ni sumu inayochafua tumbo vibaya. Usihamie hatua nyingine mpaka maji yawe hayana ladha. Kausha kivulini, jua kali hukipasua.

Kisha moshi. Watu wanadhani ni harufu tu. Kufukiza hukausha vinyweleo vya ndani ambako maziwa ya wiki iliyopita yangeoza, hupunguza vijidudu, na ndipo huacha harufu. Bibi alikuwa na chungu kidogo chenye matundu ubavuni kwa kazi hiyo pekee. Aliweka makaa machache, akatia nyasi kavu alizokata mwenyewe malishoni, moshi mweupe ukapanda, naye akakifunika kibuyu mdomo chini juu yake. Alikuwa akikigusisha shavuni kila baada ya muda. Kikianza kuwa moto shavuni, alikigeuza haraka na kukiziba moshi ukiwa ndani, akakiacha hadi kipoe. Nimejaribu kutumia saa badala ya shavu. Shavu ni bora.

Kila jamii ina moto wake. Wakalenjin wa Kenya hutumia mti wanaouita *senetwet*: wanachoma kijiti, wanasugua makaa yake ndani ya kibuyu, *sotet*, kwa ufagio mwembamba, na ndiyo maana mursik, maziwa yao ya mgando, ina rangi ya kijivu na ladha isiyosahaulika. Wamasai husugua ndani kwa kijinga cha *oloirien*, yaani mzeituni mwitu. Wewe tumia nyasi au mti ambao wazee wa eneo lako wanautumia kwa vyombo vya maziwa. Kamwe usichome mbao zilizopakwa rangi, wala karatasi, wala mmea usioujua.

Wafugaji wengi waliosha vyombo vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe kwa kuwa maji yalikuwa mbali na mkojo ulikuwa karibu. Wewe una maji ya moto, yatumie.

Kusuka

Amka mapema. Hili si suala la uchapakazi, ni la joto. Mgando uwe na nyuzi 17 hadi 20. Mafuta ya maziwa yamo ndani kwa matone madogo sana, kila tone limevikwa ngozi yake. Unaposuka, matone yanagongana, ngozi zinachanika, mafuta yananatana. Ili yanatane, yawe nusu magumu nusu laini. Mgando ukiwa na joto la mchana, mafuta yanayeyuka na kusambaa tena. Utapata kitu kama losheni kisichoshikana. Ukiwa baridi mno, matone yanagongana kama kokoto na hayashiki, nawe utasuka saa mbili. Wa Dar es Salaam au Mombasa, weka chungu kwenye karai la maji baridi usiku kucha, au kwenye friji kwa saa moja kabla ya kusuka.

Koroga mgando kwanza uvunjike uwe laini, umimine kibuyuni. Nusu ya kibuyu, basi. Theluthi ni bora zaidi. Maziwa yanahitaji nafasi ya kuanguka. Kibuyu kilichojaa kinatikisika chote na ndani hakuna kinachogongana.

Tandika mkeka, kaa umenyoosha miguu. Weka ngata ya majani makavu ya mgomba chini, kibuyu kilale juu yake kwa ubavu, mdomo ukielekea kwako na umeinuka kidogo. Mkono wa kushoto shingoni juu ya kizibo, wa kulia tumboni mwa kibuyu. Kisukume mbele, kivute nyuma, mara 60 hivi kwa dakika. Wako wanaokitundika kwa kamba darini, na kwa kibuyu kikubwa hiyo huokoa mgongo. Mara ya kwanza nilianza kwa fujo, nikitaka kumaliza. Bibi akaniwekea mkono juu ya mkono wangu. "Mjukuu wangu, usikipige. Kibembeleze."

Baada ya dakika tano za mwanzo, acha kusuka na ufungue kizibo kidogo. Utasikia pumzi ikitoka, maana mgando una gesi yake. Usipokipumzisha, kizibo kitaruka na maziwa yatakuwa ukutani. Rudia mara mbili tatu mpaka pumzi iishe.

Kuanzia hapo sikiliza. Mwanzo kibuyu kinasema chubwi-chubwi, sauti ya maji. Baada ya dakika kumi hadi ishirini kinanyamaza. Kinakuwa kizito, kama kimejaa pamba, na ukikisukuma hakuna kinachojibu, kwa sababu maziwa yamejaa povu na kuwa mazito. Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa, wakati hapa ndipo mambo yanapokwenda sawa. Usiongeze kasi, usipunguze. Kisha ghafla, mara nyingi ndani ya dakika moja, uzito unavunjika. Sauti ya maji inarudi, nyepesi kuliko mwanzo, na ndani yake kuna mgongano mdogo, po, po, po, kama punje ndani ya kibuyu cha mbegu.

Fungua utazame kizibo. Mwanzo kilikuwa na utando mweupe mlaini. Sasa kina chenga za manjano, ndogo kama ulezi, na kati yake maji meupe mepesi yanayoteleza. Mimina kikombe cha maji baridi yaliyochemshwa, ziba, suka polepole dakika nyingine tatu nne. Chenga zikifikia ukubwa wa punje za mtama hadi mahindi, acha. Ukiendelea kwa furaha mpaka ziwe donge moja, utakuwa umefungia machunda katikati ya donge, na hayo yataichachisha siagi ndani ya siku mbili. Kazi yote huchukua nusu saa hadi saa moja.

Kwa bibi, kipindi hiki kilikuwa na desturi zake. Hakuna aliyeruka kibuyu kwa miguu, hata mtoto mchanga anayejifunza kutembea, alizungushwa. Hakuna aliyeongea kwa sauti ya juu karibu na anayesuka. Ya pili naielewa vizuri sana, maana unasikiliza. Ya kwanza naifuata kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na hainigharimu kitu. Mgeni akikuta watu wanasuka haondoki bila kunywa machunda, hata kama alikuja kuuliza njia tu. Siagi ya kwanza kutoka, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, alilambishwa mtoto mdogo kuliko wote anayekula chakula. Nasema anayekula chakula kwa makusudi: mtoto wa chini ya miezi sita hapewi siagi wala machunda, ni ziwa la mama tu.

Kati ya Wahima, mwanamke hakukamua ng'ombe. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini maziwa yakishavuka kizingiti yalikuwa mikononi mwake, na yeye ndiye aliyesuka. Kule Nyanza, Rwanda, kwenye makumbusho ya ikulu ya mfalme, nyuma ya ile nyumba kubwa ya nyasi kuna kibanda cha maziwa, na mtunzaji wake enzi hizo alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Nataja haya kwa sababu nimesikia mara nyingi kusuka kukiitwa kazi ndogo ya jikoni. Kwa watu walioishi kwa ng'ombe, aliyeshika kibuyu alishika chakula cha nyumba na mafuta ya ngozi ya kila mtu.

Kuosha

Usiirukie hatua hii. Mimina kila kitu kupitia kitambaa cha shashi au chujio, machunda yaende kwenye chungu, chenga zibaki. Ziweke kwenye bakuli la mbao au la udongo lililoloweshwa maji baridi ili siagi isinate. Mimina maji baridi yaliyochemshwa, kandamiza kwa mwiko wa mbao, kunja, kandamiza, mwaga maji meupe. Rudia mara tatu au nne mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia. Usitumie viganja kama unaweza kujizuia. Joto la mkono huilainisha siagi na kuifunga maji ndani. Mwisho ikande bila maji, matone madogo yatatoka kama jasho, yafute.

Chumvi ni hiari. Kwa gramu 400, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Funga kwenye jani la mgomba ulilolipitisha motoni likalainika, weka mahali pa baridi, itakaa siku chache. Kwenye friji, wiki mbili tatu.

Samli, na eshabwe kwa kifupi

Huko nyuma, nyumba isiyo na friji haikuweka siagi, iliweka samli. Kilo moja ya siagi hutoa samli kama gramu 800. Tumia sufuria nzito na moto mdogo. Siagi itayeyuka, itapanda povu jeupe, itaanza kutatarika. Kutatarika huko ni maji yanatoka. Usiondoke. Sauti ikififia, povu la pili likawa dogo na la dhahabu, na chini kuna masimbi ya rangi ya udongo yenye harufu ya njugu zilizokaangwa, epua mara moja. Sekunde thelathini za ziada zinaweza kuiunguza. Acha itulie, chuja, mimina kwenye chupa kavu kabisa. Tone moja la maji linatosha kuiharibu. Ikiwa kavu, inakaa miezi bila friji. Masimbi yasitupwe, tuliyalamba na ndizi za kuchoma tukigombania.

Watu wa Ankole wana *eshabwe*, mchuzi mweupe wa karamu usiopikwa. Samli hukorogwa kwa nguvu na maji ya chumvi ya mwamba yaliyochujwa, kama ile ya Ziwa Katwe, mpaka igeuke nyeupe na nyepesi, kisha huongezwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Harusi ya kwao bila eshabwe huzungumzwa vibaya. Ukitaka kujaribu, samli iwe imeganda na maji yawe baridi, na mkono usisimame.

Ikikataa

Dakika 40 zimepita na kibuyu bado kimya? Gusa tumbo lake. Kikiwa cha uvuguvugu, kifunge kitambaa cha maji baridi, kipumzishe robo saa, endelea. Kikiwa baridi sana, kiweke juani dakika kumi, ukikigeuza. Siagi ikitoka laini kama mafuta ya kupaka, imwagie maji baridi na uiache itulie kabla ya kuiosha. Ikiwa chungu, kosa ni la kibuyu au la mgando wa zamani; usijaribu kuificha kwa chumvi. Ikiwa nyeupe badala ya manjano, hakuna kosa: ng'ombe amekula majani makavu, na mvua zikirudi manjano itarudi.

Asiye na kibuyu atumie chupa kubwa yenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja, ijazwe theluthi, isukwe magotini. Siagi itatoka ile ile, moshi tu utakosekana.

Machunda yanyweni siku hiyo hiyo, na ugali wa mtama yanakwenda vizuri mno. Kibuyu kioshwe kwa maji ya moto kabla hakijakauka, kisuguliwe ndani, kisuuzwe mpaka maji yasiwe na mafuta, kitundikwe mdomo chini mahali penye upepo. Na kabla machunda hayajaisha, toa kikombe kimoja, kifunike, ukiweke kando: hicho ndicho mbegu ya maziwa ya jioni.